Dirisha la Dobi

Nilipaswa kusema hapana. Mama Mashela, aliyekuwa akikodisha nguo za harusi, alisimama mlangoni mwa kibanda chetu pale Mwembesongo, mkono kiunoni, akaniambia, "Mzee wangu, kesho nafungua duka. Watu wameshaalikwa. Mashine zangu tatu za kufulia hizo, mifuniko ipo, madirisha yapo. Sasa kinangojwa nini?"

Kilichongojwa ni vipande vitatu vya nondo, kila kimoja urefu wa kidole, pamoja na mtu wa kuvipima. Mtu huyo alikuwa amepanda mlimani kwenye msiba na asingerudi hadi keshokutwa. Bila vile vyuma mifuniko yetu ilikuwa myepesi mno. Haikubonyeza swichi sawasawa, na mashine zingesimama zenyewe katikati ya kufua. Nilijua hayo yote. Hata hivyo nikamwambia yule mama, "Nipe saa moja." Nikafungua mashine ya kwanza, nikakata nyaya mbili za swichi ya mfuniko, nikaziunganisha zenyewe kwa zenyewe, nikazungushia utepe mweusi. Mafundi wa mjini wanaita kupiga dairekti. Nikafanya hivyo kwa zote tatu.

Swichi ile kazi yake ni moja. Ukifunua mfuniko, pipa la ndani linasimama. Baada ya saa yangu moja, mtu angeweza kufunua mfuniko na pipa likaendelea kuzunguka kama vile hakuna aliyefunua.

Mashine zilizunguka vizuri. Mama Mashela akapiga kigelegele pale pale barabarani, akaniita baba, akaondoka nazo kwenye kigari cha mizigo, kirikuu. Mimi nikabaki nafagia vipande vya nyaya.

Yule aliyekuwa msibani ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Mji mzima ulimwita Dobi, na hata baada ya kuacha kufua na kuwa mtengeneza mifuniko hakuna aliyembadilishia jina. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Alifua na kupiga pasi ya mkaa kwa miaka mingi kuliko niliyokaa mimi kwenye stoo ya kiwanda cha nguo, na nilikaa mingi. Nilipostaafu nilimkuta jirani yangu, kanizidi miaka minane. Nilimwamkia shikamoo kaka, naye akaitikia, "Marahaba, bwana mdogo." Nilikuwa na mvi kichwa kizima. Wapita njia walicheka. Yeye hakucheka, wala hakuacha kuniita hivyo. Nilizoea, kisha nikaja kupenda.

Kazi ya mifuniko ilianza kwa gauni la komunio ya kwanza. Anayeishi Morogoro anajua habari ya maji yetu. Mvua ikinyesha juu Uluguru, hata kama huku mjini jua linawaka, baada ya muda bomba linaanza kutoa maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Anayefulia beseni anaona, anafunga bomba, anangoja. Lakini watu walikuwa wameanza kununua mashine za mtumba, zile za kufunulia juu, na mfuniko wa bati hauonyeshi kitu. Mama mmoja aliingiza gauni la binti yake, akafunika, akaenda kupika. Alipofunua, gauni lilikuwa na rangi ya mihogo iliyoungua. Komunio ilikuwa Jumapili, na siku ile ilikuwa Alhamisi. Alimletea Dobi akilia kama aliyefiwa.

Dobi ni Mwislamu wa swala tano, lakini kalenda ya kanisa aliijua kuliko Wakatoliki wengi, kwa sababu aliyajua magauni. Alikaa na lile gauni siku mbili, na ndimu na jua na uvumilivu wake. Likarudi jeupe. Jumapili jioni akaja kwangu, akakaa kwenye ngazi bila kukaribishwa.

"Bwana mdogo, wewe umesoma. Mfuniko wa sufuria una kioo, wa mashine hauna. Kwa nini?"

"Sufuria mtu anachungulia mboga, kaka."

"Na gauni la komunio ni pungufu ya mboga?"

Kesho yake aliokota mfuniko wa mashine mbovu kwa wauza vyuma chakavu, akaanza kuuchora kwa mkaa wa pasi.

Mimi nilisoma hadi kidato cha nne. Katika fizikia tulifundishwa umeme wa betri na balbu, basi. Lakini kwake yeye huo ulikuwa usomi mkubwa, maana umeme aliuogopa kama nyoka. Alivaa kandambili za mpira mvua na jua, na hakugusa plagi bila kusema bismillahi. Kwa hiyo tuligawana. "Maji yangu, nyaya zako," alisema siku ya kwanza, na mgawo huo hakuuvunja hata mara moja. Hakuwahi kuchungulia kazi yangu ya nyaya. Ningeomba angechungulia.

Dirisha la kwanza lilikuwa la duara, katikati ya mfuniko, la plastiki nene tuliyopata kwa watengeneza mabango. Lilipendeza. Tuliweka maji ya moto, na kabla hatujamaliza kulisifia likafunikwa na mvuke tusione hata pipa. La pili alilisogeza pembeni na kulilaza kidogo ili matone yateleze. Tukaona nguo zinazunguka, mimi nikashangilia. Dobi akatikisa kichwa.

"Tunaangalia mahali siko," akasema. "Nguo haina habari. Habari iko kwenye maji."

Akahamisha dirisha hadi pale maji yanapoingilia. Chini yake akabandika kipande cheupe cha mfuniko wa ndoo ya rangi, ili yale maji yapite juu ya weupe kabla hayajagusa nguo. Maji yakiwa na tope, hata kidogo, kile kipande kinasema. Huo ndio ulikuwa ugunduzi wake. Dirisha la upana wa kiganja na doa jeupe chini yake. Nimekaa na watu wenye vyeti, sijaona aliyefikiri vizuri kuliko hivyo.

Watu walimtania. Muuza chipsi wa jirani alikuwa akipaza sauti, "Dobi, umefungua sinema siku hizi? Wanawake wanakaa kuangalia suruali inavyozunguka!"

"Bora sinema yangu," Dobi alijibu bila kuinua uso. "Ikiisha mtu anatoka msafi. Yako mtu anatoka na mafuta hadi kwenye nyusi."

Lakini walinunua. Wenye kanzu walinunua kwa ajili ya Ijumaa, masista wa misheni walinunua kwa ajili ya vitambaa vya altare. Na kote walikokuwa na mifuniko yetu ikazuka tabia moja ambayo sidhani iko mji mwingine. Maji yakigeuka rangi, mtu hakimbilii ukutani kuzima. Anafunua mfuniko, pipa linasimama, anachomoa nguo nyeupe ya juu kabla haijanywa tope. Dobi mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Kwake kufunua na kuchukua vilikuwa kitendo kimoja. Mkono wa kushoto ulipokuwa ukiinua, wa kulia ulikuwa umeshaingia ndani. Aliwaambia kina mama, "Tope halingoji uzime. Funua, chukua. Mashine itajisimamia yenyewe."

Ndipo vile vyuma vilipokuwa na maana. Plastiki ni nyepesi kuliko bati, hivyo mfuniko wenye dirisha ulihitaji uzito kwenye mdomo wake ili ubonyeze swichi. Ukiwa mwepesi, mashine inasimama hovyo. Ukiwa mzito kupita kiasi, swichi inabonyea hadi inakwama, na ukifunua hairudi juu. Dobi alipima vyuma vyake kwa mizani ya kuning'iniza, na jiwe lake la kupimia lilikuwa kipande cha sabuni ya mche, kilichokatwa kwa uzi, kilichofungwa kwenye kitambaa kikavu. Alikata nondo, akapima, akapiga tupa, akapima tena, akapuliza vumbi la chuma, akapima tena. Kisha akafua blanketi moja zito katika kila mashine, akifunua na kufunika, mara kumi au zaidi. Hapo ndipo alipokubali mashine iondoke. Wateja walinung'unika. Aliwaambia, "Blanketi halijaniruhusu."

Alikuwa mtu wa wasiwasi, na wasiwasi wake ulituchosha sote. Alirudi nyumbani mara mbili kuhakikisha pasi haina mkaa, miaka kadhaa baada ya kuacha kutumia pasi ya mkaa. Alipopita mtaani akasikia mashine inanguruma uani kwa mtu, alibisha hodi ili "kuisalimia", yaani ainame na kuchungulia dirishani kwa dakika nzima. Hata hivyo kuna mambo hakuyajali kabisa. Mashati ya watu yalitoka kwake kama karatasi mpya, lake yeye lilikuwa na madoa ya miaka. Sabuni aliikata kwa ubahili wa kutisha, lakini wanga wa kukazia kola alimwagia hata asiyeomba. Alikuwa na simu, na alipokwenda kwenye kazi ya maji aliiacha ndani ya droo ya meza yetu, kwa kuwa aliamini simu ikilowa inaweza kumpiga shoti. Tulimcheka sana kwa hilo.

Kitambaa alikijua kwa vidole. Alikisugua kati ya dole gumba na vidole vitatu vya mkono wa kulia, akafumba macho, akakuambia kimefuliwa mara ngapi na kama aliyekifua alikuwa na haraka. Mara moja alisugua kola yangu, akasema, "Mkeo amekukasirikia." Ilikuwa kweli.

Basi, alirudi kutoka msibani, vumbi la mlimani bado likiwa kwenye kandambili.

"Za Mama Mashela ziko wapi?"

"Kazichukua, kaka. Alikuwa anafungua."

"Bila vyuma?"

"Nitaenda kumwekea kule kule kwake."

Hakuuliza zinazunguka vipi bila vyuma. Hiyo ilikuwa habari ya nyaya, na nyaya zilikuwa zangu. Alikaa, akakata vyuma vitatu, akavipima na sabuni yake hadi adhuhuri, akanikabidhi mkononi vikiwa bado vya moto kwa tupa. Nikaenda kwa Mama Mashela. Nilikuta mashine mbili. Nikarudisha nyaya zake, nikaweka vyuma, nikajaribu, zikasimama kila nilipofunua. Nilitokwa jasho la faraja.

"Ya tatu iko wapi, mama?"

"Ile? Nimempelekea dada yangu Kingolwira jana. Ana watoto wengi, anateseka na mafungu ya nguo. Kwani ina nini, mzee wangu?"

"Haina kitu," nikasema. "Nataka tu kuifanyia sevisi."

Niliporudi Dobi aliuliza neno moja tu. "Vyote?"

"Vyote," nikasema. Chuma cha tatu kilikuwa mfukoni mwangu, kimelala juu ya paja.

Nilikwenda Kingolwira wiki iliyofuata. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Jirani akasema wamekwenda shamba, nije siku nyingine. Nitaandika ukweli wake. Nilifurahi kukuta kufuli. Nilirudi nikijiambia nimeshajaribu. Wiki mbili zikapita, kisha mwezi. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi palikuwa na mteja, au mguu unauma, au jua kali. Tulikuwa katikati ya kiangazi, maji ya bomba yalikuwa safi kama ya mvua, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kufunua mfuniko ghafla. Nilijiambia nina muda hadi vuli.

Kisha vuli ikaja, nami nikawa mgonjwa wa mlima. Nikiamka nilitoka nje kabla ya kunawa uso, nikatazama juu. Kukiwa na wingu jeusi mlimani, nilibaki nimesimama pale, kwa kuwa nilijua njia yote ya lile wingu. Litashusha mvua, mvua itashusha tope, tope litaingia bombani, na mahali fulani Kingolwira mwanamke ataliona dirishani kama tulivyomfundisha, atafunua, ataingiza mkono. Niliposikia sauti ya gari la wagonjwa nilihesabu barabara linakoelekea. Dobi aliniona.

"Bwana mdogo, unatazama nini huko kila siku? Una shamba?"

"Natazama mvua tu."

"Umeambukizwa wasiwasi wangu," akasema, akacheka. Nilicheka naye.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mchana. Simu ya Dobi iliita. Nilisikia sauti ya mwanamke, kisha nikamsikia Dobi akisema, "Maji hayaingii vizuri? Hicho ni kichujio, dada, kimejaa mchanga. Kingolwira wapi? Ah, dada yake Mama Mashela! Nakuja."

Nikasimama. "Niende mimi, kaka."

"Wewe? Hiyo ni habari ya maji."

"Mguu wako unauma."

"Na wako je?" Alikuwa ameshachukua mfuko wake. "Hiyo ni ile ya tatu ya mama, sijaisalimia hata siku moja. Acha nikaione."

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Maneno yenyewe hayakuwa mengi, zima ukutani kwanza, nyaya nilipiga dairekti. Angenikemea. Angeweza kunifukuza. Nikafikiria lile "vyote" langu, nikaona aibu, nikajiambia kwamba anakwenda kusafisha kichujio tu, mashine itakuwa imezimwa. Akapanda bodaboda, kandambili zikining'inia, akanipungia mkono wa kulia.

Baada ya nusu saa nilitoka nje. Mlima haukuonekana. Kuanzia katikati kwenda juu ulikuwa umefunikwa na weusi, na mvua ilikuwa ikishuka kwenye mabonde kama pazia. Nikaingia ndani, nikachukua simu yangu, nikampigia.

Ikaita ndani ya droo.

Nilikodi bajaji. Dereva aliniuliza, "Babu, kuna mgonjwa?" nikasema, "Bado." Tulipofika watu walikuwa wamejaa uani, na Dobi alikuwa ameshakimbizwa hospitali. Mwenye nyumba, dada yake Mama Mashela, alikuwa amekaa chini ameshika kichwa.

"Mimi siku zote nazima ukutani," alikuwa akirudia kwa kila mtu. "Siku zote nazima ukutani. Yeye ndiye kafunua. Kaona maji machafu, kasema shuka la watu hilo, kafunua."

Dobi alikuwa amesafisha kichujio, akawasha ili ajaribu, na shuka jeupe ndani. Mashine ilikuwa inasuuza huku inakamua pale tope lilipofika. Doa jeupe likamwambia. Mkono wa kushoto ukainua, wa kulia ukaingia. Shuka lilijizungusha kwenye vidole vyake vitatu, na pipa halikusimama.

Mashine hiyo shemeji wa mwenye nyumba aliivunja kwa shoka siku ile ile kwa hasira, vipande vikachukuliwa na mkokoteni wa vyuma chakavu. Nyaya zangu na utepe wangu mweusi vilikwenda humo. Nilishukuru Mungu kwa hilo. Ninaona aibu kuliandika, lakini nilishukuru.

Hospitali nilimkuta amelala anatazama feni, mkono umefungwa ukawa mkubwa kama kichwa cha mtoto.

"Nilikosea uzito," aliniambia kabla sijakaa. "Chuma kilikuwa kizito. Swichi ilikwama."

"Pole, kaka."

"Nilitoka msibani, sikuwa nimelala. Nilipima vibaya. Bwana mdogo, kama kile kilikuwa kizito, na vile vingine je?"

"Pole," nikasema tena.

Alipotoka hospitali hakutaka kupumzika. Tulizunguka nyumba kwa nyumba tukikagua kila mfuniko uliowahi kutoka kwenye kibanda chetu. Mwembesongo, kwa masista, Kingolwira, hata Gairo kwa mfanyabiashara wa karanga aliyekuwa amenunua mmoja. Mimi nilibeba mizani na ile sabuni. Nilikuwa nang'oa chuma, naning'iniza, yeye anaangalia mshale kwa macho ya mtu anayengoja hukumu. Kila chuma kilikuwa sawa na sabuni. Nilidhani atafarijika. Ikawa kinyume. Kadiri vilivyokuwa sawa ndivyo alivyozidi kuogopa, kwa kuwa hakuelewa kwa nini kile kimoja kilikosea, na kosa lisiloeleweka linaweza kurudi. Akaanza kushuku sabuni, labda kiwandani wamebadilisha uzito. Akanunua miche mitatu ya duka tofauti, akaikata kwa mkono wa kushoto. Akaniuliza, "Nikishika kitu, unadhani bado najua ninachoshika?"

Nilitembea naye nyumba zote hizo. Kile chuma cha tatu kilikuwa ndani ya kopo la misumari nyumbani kwangu.

Mwishoni mwa masika alifunga kibanda. Mtu wa kanzu alimwomba amtengenezee mfuniko mmoja tu, akamjibu kwa upole, "Mikono yangu imeshaharibika, mwanangu, na sisemi huu uliokatika vidole." Akapanda mlimani kuishi kijijini, kule lami inakoishia na bodaboda zinakokataa kuendelea. Hakuna tena anayetengeneza madirisha yale. Yaliyopo plastiki inafifia na kuwa ya njano.

Nilikaa miaka miwili kabla sijamfuata. Mwaka huu nilipanda, na kwa umri wangu ilinichukua asubuhi nzima, nikipumzika kwenye kila kona kati ya mashamba ya kabichi na njegere. Nilimkuta kijitoni, chini ya nyumba ya dada yake, anafua sare za shule za watu. Anafulia mkono wa kushoto. Wa kulia anakandamizia tu, kwa dole gumba na kidole kidogo.

"Shikamoo, kaka."

Aliinua uso, ukafunguka wote. "Marahaba, bwana mdogo! Nani amekuambia ufe kwa kupanda milima?"

Alitaka kumwita dada yake aweke ugali. Nikasema asubiri kidogo, nina neno. Nikatoa kile chuma mfukoni, nikakiweka juu ya jiwe alilokuwa anafulia, karibu na kile kipande chake cha sabuni ya kupimia, ambacho bado alikibeba ndani ya kitambaa. Nikamweleza yote. Kwamba mashine ile haikuwahi kuwa na chuma chake. Kwamba swichi haikukwama, nilikuwa nimepiga dairekti siku alipokuwa msibani. Kwamba nilisema vyote na haikuwa kweli. Kwamba siku ile alipopanda bodaboda nilijua.

Nilipomaliza alinyoosha mkono wa kushoto, akachukua chuma, akakishika muda mrefu. Kisha akachukua kanga iliyokuwa kando, akaweka chuma upande mmoja na sabuni upande mwingine, akafunga, akaining'iniza katikati kwenye ufito wa kuanikia. Tulitazama wote wawili. Kanga ilicheza, ikatulia. Hakuna upande ulioshuka.

"Kiko sawa," akasema polepole. Hakuwa ananiambia mimi. "Kilikuwa sawa."

Aliketi juu ya jiwe. Nilimwona anautazama ule mkono wake wa kulia, anaugeuza huku na huku. Maji yalipita kati yetu, safi kabisa, maana tulikuwa juu kuliko tope.

"Zile mbili ulizirudisha sawasawa?"

"Nilizirudisha. Ulizikagua mwenyewe."

"Kweli, nilizikagua." Akatikisa kichwa. "Na ulikuwa umenishikia mizani."

Alifungua kanga, akatoa sabuni, akarudi kwenye sare zake. Chuma alikitia mfukoni mwake. Alifua kola moja, akaisuuza, akaikunja. Dada yake aliita kutoka juu, akauliza mgeni atakula. Dobi akatazama kileleni, ambako mawingu yalikuwa yanajikusanya, akajibu kwamba mgeni anawahi mvua.

"Haya, mzee," akaniambia. "Shuka salama."

Nilisimama pale nikingoja lile jina langu, hakulisema. Nilishuka peke yangu, mvua ikanikuta kwenye kabichi, na nilipofika mjini mabomba yalikuwa yameshaanza kutoa maji ya rangi ya chai.

Kusema hapana siku ile kungemuudhi mama mmoja kwa siku mbili. Ndiyo yangu ilimgharimu Dobi vidole vitatu, na zaidi ya miaka miwili ya kudhani mikono yake ilimsaliti. Mimi ilinigharimu mtu wa mwisho duniani aliyekuwa akiniita mdogo.